Kaburi Lako Lisijengewe

Mtani wangu Athumani,

Shikamoo sikupi, kwa kuwa hata ulipokuwa hai hukuistahili. Nakuombea rehema, basi.

Redio yako ninayo mimi. Mkeo, Bi. Zuhura, aliniletea akasema, "Shemeji, ichukue. Nikiisikia, namtafuta." Wiki hii Bunge linajadili muswada wa siri za serikali. Mbunge mmoja alisimama akasema kwamba mwananchi ana haki ya kujua habari za ardhi anayoikalia. Wakagonga meza. Waziri akajibu kwamba atakayetoa siri na atakayeipokea, wote watashtakiwa. Wakagonga meza zaidi. Ungekuwapo ungeuliza, "Hizo meza zimekosa nini?"

Unavikumbuka vile vigingi vyekundu ambavyo wapimaji walivipiga kuanzia mtoni hadi nyuma ya makaburi. Ulikufa hujui ni vya nini. Sasa tumekatazwa kupanda mikorosho mipya. Paa langu linavuja, lakini nani huezeka nyumba asiyojua kama bado ni yake? Nikihama, watasema nimeliacha eneo kwa hiari yangu. Nikikaa, nakaa kama mgeni aliyeambiwa asubiri barazani.

Siku ya maziko yako nilifanya jambo ambalo hukulitarajia kwangu. Unajua nilivyokuwa nikikukaripia kila tulipozika mtu wa ukoo wangu, ukashuka kaburini ukakataa kutoka mpaka upewe kuku, kwa kuwa koo zetu ni watani. Nilikuita mpuuzi. Safari hii zamu ilikuwa yangu. Nikavua kofia, nikashuka, nikajilaza. Watu wakacheka. Shehe akasema, "Mwalimu, hata wewe!"

Nikajibu, "Kuku simtaki. Mtendaji wa kijiji aje aniambie vigingi vile ni vya nini."

Kicheko kikakatika. Mtendaji, kijana yule, akainama ukingoni. "Mwalimu, nakuomba utoke. Ramani nimeonyeshwa, lakini nimesainishwa nisiseme."

Kaka yako ndiye aliyenitoa. "Mtani, inuka. Mwenye nyumba yuko mlangoni."

Nikatoka. Udongo wako ulikuwa wa baridi.

Juzi nilikwenda kung'oa majani kaburini kwako, Mtendaji akanikuta huko. Nilimweleza kwamba Bi. Zuhura anataka kumuuza mbuzi wake anunue saruji, ili baada ya arobaini fundi alijengee kaburi lako. Akatazama kigingi, kisha akalitazama kaburi.

"Mwalimu, asijenge," alisema. Akachukua baiskeli yake akaondoka bila kuaga.

Sikumwuliza, Athumani. Neno hilo amenipa mwenyewe, na sasa sijui niliweke wapi. Nikimwambia mkeo, ataniuliza nimejuaje, na kijana yule, ambaye mkewe ni mjamzito, atafungwa. Nikinyamaza, mbuzi atageuka saruji, na saruji itavunjwa mbele ya macho yake. Nimezoea kukuuliza wewe. Jana nilifika hadi mlangoni kwako kabla sijakumbuka.

Wewe ungelifanya mzaha, na hakuna ambaye angekushika shati. Nami nimeusikiliza muswada ule kwa makini, na sijasikia kifungu kinachomtaja mtani.

Basi siku ya arobaini yako, mnunuzi akija, nitamshika mbuzi yule kamba nisimwachie. Nitasema kwamba mtu mvivu kama wewe hakustahili saruji alipokuwa hai, seuze sasa. Nitadai mbuzi arudishwe zizini, au watani tupewe tumle. Watu watacheka. Bi. Zuhura hatacheka, kwa sababu ananijua. Atanitazama usoni, na itatosha.

Na siku watakapokuja kukuhamisha, nakuahidi kwamba nitatembea upande wa kichwa chako nikikutukana njia nzima, usije ukadhani uko peke yako.

Lala, mtani wangu. Lala hapo ulipo, kwa sasa.

Mtani wako,
Mwalimu Saidi