Pumzi Waliyokupunguzia

Baba Neema,

Barua huanza kwa kuulizana hali, na mimi nimekwama hapo hapo. Nikikuuliza hujambo nitakuwa nakudhihaki, nikiruka salamu utasema nimeota kiburi kwa kuwa hupo. Basi nianze na sisi. Tupo. Neema amerudi shule, maharage ya bondeni tumeshavuna, upepo uliezua kona ya banda lako la matairi na mdogo wako Elias amerudishia bati. Madereva wa malori bado wanasimama pale Kasulo na kumwuliza fundi yuko wapi. Anawaambia. Wengine wanazima gari, wanashuka, wanakaa kidogo kwenye benchi lako, halafu wanaondoka bila kujaza upepo waliokuja kujaza.

Hayo ndiyo ninayoyaelewa. Mengine yote yamenichanganya, na mtu niliyekuwa namkimbilia nikichanganyikiwa ni wewe.

Mama yako hakuwa anasema na mimi. Simaanishi alinitukana, afadhali angenitukana. Nilikuwa nikifika kwake Murukulazo nasema shikamoo mama, anaitikia marahaba, kisha anageukia kazi yake kana kwamba nimeshaondoka. Chakula nikimpelekea anapokea kwa mikono miwili na kukiweka pembeni. Ilianza siku ya mazishi, mbele ya watu wote, na aliyeianzisha alikuwa na nia njema kuliko sisi sote.

Unajua historia ya marehemu inavyosomwa kwetu. Kuzaliwa, shule, ndoa, watoto, na mwisho kabisa chanzo cha kifo, na hapo ndipo watu huacha kunong'ona, maana wasipotajiwa chanzo watakitafuta wenyewe, na wakikitafuta wataishia kwenye mlango wa jirani. Elias alilijua hilo. Hakutaka mtu yeyote aangaliwe vibaya kwa ajili yako. Akaandika kila kitu kama kilivyokuwa: kwamba ulikuwa unajaza tairi la lori, ile pete ya chuma ya ringi ikaruka na kukupiga kichwani, ukapelekwa Mwanza, mkeo akaweka sahihi, ukapasuliwa kichwa. Halafu akasoma kwa sauti yake ile ya kanisani: "Baada ya hapo madaktari walimpunguzia pumzi, na siku chache baadaye akafariki."

Hakuna neno la uongo hapo. Ila niliona watu wanavyotazamana, na katekista akakohoa, na mama yako akainua uso akanitazama kutoka upande wa pili wa kaburi. Tangu siku hiyo, machoni pake nikawa mwanamke aliyeweka sahihi ili wewe upunguziwe pumzi.

Ngoja nikueleze nilichoambiwa, labda wewe utakiunganisha.

Kabla hujaingizwa chumba cha upasuaji, daktari wa usingizi alituketisha mimi na Elias kwenye korido. Dada mmoja mwembamba, mpole. Mimi nilidhani kazi yake ni kumlaza mgonjwa tu, kumbe ndiye anayesimamia pumzi yake wakati mwenzake ameshika kisu. Akasema damu imevujia ndani ya fuvu na ubongo umevimba, na kwa kuwa fuvu halitanuki, presha inapanda. Kwa hiyo mashine itakupumulia haraka kidogo kuliko kawaida. Mtu akipumua haraka anatoa hewa chafu nyingi, na hewa chafu ikipungua mwilini, mishipa ya damu ya ubongo inajibana, ubongo unanywea, na daktari wa upasuaji anapata nafasi. Nilifurahi kusikia kuna dawa rahisi hivyo. Nikamwambia basi akupumulie haraka sana. Akatikisa kichwa. Mishipa ikijibana mno, damu haifiki, na ubongo usiofikiwa na damu unakufa. Ni kwa muda mfupi tu, akasema, kisha tunapunguza, tena polepole, maana tukiachia ghafla uvimbe unaweza kurudi.

Sasa niambie. Pumzi inaokoa na pumzi inaua, na ni ile ile. Mimi nimekulia Nyabusozi, nikijua kwamba pumzi ama ipo ama haipo.

Ulitoka kwenye upasuaji ukiwa hai, tukamshukuru Mungu, Elias akaimba kabisa pale koridoni. Lakini ulikuwa umetapika ndani ya gari la wagonjwa, tulipokuwa tumeshaipita Biharamulo, na matapishi yalikuwa yameingia mapafuni. Mapafu yakaanza kujifunga. Ili yafunguke ilibidi mashine isukume upepo kwa nguvu zaidi na kubakiza kiasi ndani. Lakini kifua kikijaa namna hiyo, damu inayoshuka kutoka kichwani inapata shida ya kupita, na presha ya ubongo inapanda tena. Mapafu yako yalikuwa yanaomba kuongezewa na ubongo wako unaomba kupunguziwa. Niliwaona kupitia kioo wakiinua kichwa cha kitanda, wakitazama namba, wakigusa kitufe, wakisubiri, wakigusa tena. Asubuhi tunaambiwa wameongeza, mchana wamepunguza. Elias alibaki na lile la mwisho kusikia.

Nilimvizia yule daktari mlangoni. Nilimwuliza kwa ukali, nilikuwa sijala wala sijalala, kwamba hebu niambie ukweli, mnamwongezea au mnampunguzia? Hakunikasirikia.

"Tunatafuta katikati, mama," akasema. "Na katikati yake inahama."

Wewe ungemwelewa. Si ulikuwa unagombana na madereva kila siku, wanataka tairi lijazwe mpaka ligonge kama ngoma, unawaambia kwa mzigo huu na jua hili hapana? Nilikuwa nakucheka. Sikuwahi kukuuliza unajuaje. Na nakukasirikia pia, tusifichane. Elias ulimfokea miaka yote asisimame mbele ya ringi. Siku hiyo wewe ulisimama mbele ya ringi hiyo kwa sababu gani? Nimejaribu kuliacha swali hili na haliniachi.

Jumamosi tumeondoa matanga. Wazee wa ukoo walikuwa wameshaanza kuketi nje, mirija iko kwenye chungu cha pombe, na mama yako akaniita jikoni kwake. Alikuwa anamenya ndizi. Akaniambia kwa Kihangaza, lugha ya kwenu, bila kunitazama, kwamba wazee watamwuliza kama nyumba yake ina neno na mimi. Akisema lipo, nirudi kwetu Nyabusozi. Akisema halipo, nibaki mtoto wake. Hajui atasema nini, na hataki kusikia kwa Elias.

"Ulikubali wampunguzie pumzi?"

Nilianza vizuri. Nilianza na fuvu, nikaja kwenye hewa chafu, nikaja kwenye mishipa, halafu nikasema haraka palipotakiwa polepole, nikarudi nyuma, nikaanza na mapafu. Kihangaza changu unakijua, wewe ndiye uliyekuwa unakicheka. Hata kwa Kiswahili nisingefika. Nilijisikia mwenyewe nikisema kwamba walikupunguzia ili upone, wakakuongezea ili upone, na hukupona. Nikalia. Si kilio cha msibani, nililia kwa hasira ya kutojua.

Mama akaweka kisu chini.

"Acha hayo," akasema. "Nionyeshe alivyokuwa anapumua."

Sikumwelewa kwanza. Kisha nikakaa wima, nikafumba macho, nikaitafuta ile mashine masikioni. Bado ipo. Nikavuta pumzi kama ilivyokuvutia, nikatulia, nikaiachia taratibu. Nikavuta tena. Nilipumua pumzi yako, Baba Neema, pale jikoni, na baada ya kitambo nikasikia kuna mwingine. Nikafumbua macho. Mama yako alikuwa ameshika magoti yake, anavuta ninapovuta, anatulia ninapotulia, machozi yanamtoka bila sauti. Hatukuharakisha.

"Ilikuwa hivi mpaka mwisho?"

"Ndiyo, mama."

"Hakutweta?"

"Hakutweta."

Kisha akasema baba yako alitweta mpaka akaisha, na yeye alikuwa amemshika, na hakuwepo wa kumpunguzia. Akafuta uso kwa kanga, akanisogezea nusu ya ndizi na kisu kingine. Nikamenya. Alipoitwa nje na kuulizwa, aliwajibu wazee kwamba nyumba yake haina neno, na kwamba mwanawe alipumuliwa vizuri. Elias akainamisha kichwa, akatoka kwenda kusimama migombani peke yake.

Kwa hiyo mimi ni mtoto wa mama yako tena, na ningepaswa kufurahi. Lakini wewe unajua kwamba mwisho sikuwepo. Walinitoa nje, wakafunga pazia, na nilipoitwa mashine ilikuwa kimya. Nilimwambia mama ndiyo, na sijui kama ni ndiyo. Huenda ulitulia hivyo hivyo mpaka ukaondoka. Huenda kuna kitu kilitokea nyuma ya lile pazia ambacho ile ndiyo yangu imekifunika.

Ninakuahidi hili. Shule zikifungwa nitamwacha Neema kwa bibi yake, nitakwenda Mwanza, nitamtafuta yule daktari mwembamba na kumwuliza ulivyopumua mwishoni. Akisema ulitweta, nitarudi Murukulazo, nitaketi jikoni kwa mama na kumwambia, hata akinitazama tena kama siku ile. Mpaka hapo acha nimwazime ile ndiyo, analala nayo.

Kwaheri, mume wangu. Pumzika. Kupumua tutakupumulia sisi.

Mkeo,
Mama Neema