Kanzu Nyeupe Uvunguni mwa Pikapu

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, ila mkono umegoma kuandika kabla sijakuamkia. Nimekaa kibandani kwetu Katonga, juu ya lile tairi lako la kukalia, harufu ya dagaa wabichi imejaa kama kawaida, na nina habari moja niliyoinyamazia mpaka iive. Imeiva. Bwana Mahadhi, yule aliyekuuzia pikapu, amelala uvunguni mwake.

Lakini nianzie mbali, maana wewe ulipenda kusimuliwa jambo tangu mwanzo, hata likiwa habari ya mtu kwenda dukani kununua chumvi.

Mama hajambo. Ametoka eda, amerudi kwenye biashara yake ya mawese. Asubuhi bado anajisahau anakumiminia chai kwenye kikombe chako, kisha anainywa mwenyewe kwa hasira, huku anakuita majina. Kibanda nakiendesha mimi. Wateja wengine wakifika wananitazama, wanauliza fundi yuko wapi. Nawajibu kwamba wameshamkuta. Kuna wanaocheka na kuniachia gari, na kuna wanaogeuza na kuondoka zao. Waende.

Pikapu yako ipo nyuma ya nyumba, nimeipandisha juu ya magogo na kuifunika turubai ili Mama asiione kila akienda kuanika nguo. Wanunuzi wa vyuma chakavu wamekuja mara nyingi. Nimewafukuza wote, mmoja nusura nimmwagie maji ya ugali.

Unakumbuka siku ulipoileta? Mimi naikumbuka mpaka inanikera. Ilikuwa Ijumaa mchana, ukaja unapiga honi tangu kwenye kona ya sokoni Ujiji, watoto wanakukimbilia nyuma. Uliteremka na kanzu yako ya Ijumaa, nyeupe, imenyooka, na pikapu nayo nyeupe inanuka rangi mpya. Mama akatoka na mikono imejaa unga. Ulituambia ilikuwa gari la ofisi, dereva wake mmoja tu, mita inasoma kidogo. Nikakuuliza kama umelala chini yake. Ukacheka. "Kwa kanzu hii? Halafu Mahadhi ni mtu wa safu ya mbele msikitini."

Wewe, Baba! Wewe uliyenifundisha kwamba gari lililotumika halinunuliwi kwa macho. Ulinitembeza nalo hilo somo tangu sijaanza kufunga mtandio. Tuwahi asubuhi, gari halijaamka. Weka kiganja kwenye boneti: ikiwa ya moto, mwenye gari ana jambo analificha katika kuliwasha. Chomoa kijiti cha oili, uinuse. Fungua kifuniko cha rejeta, utazame kama maji yamechanganyika na mafuta. Angalia raba ya pedeli ya klachi, kwa sababu mita inaweza kurudishwa nyuma lakini unyayo wa dereva ukishaila raba umeila. Na mwisho kabisa unatandika mkeka, unaingia uvunguni, unaigonga chasisi kwa spana kutoka mbele hadi nyuma, polepole, sikio limetegwa. Chuma kizima kinalia. Chuma kilichozibwazibwa kinanyamaza kama mtu aliyeulizwa asichotaka kujibu. Mimi nilikuwa nalala pembeni yako kwenye mkeka huohuo, wewe unagonga, mimi nasema "zima" au "bovu", na nikipatia unanipaka grisi puani.

Baadaye ndipo nilipojua kwamba Ijumaa ile haikutokea bahati mbaya. Mahadhi wateja wake wote huwaambia waje kwenye yadi yake ya magari baada ya swala ya Ijumaa. Anawapokea kwa kahawa na halua, gari limeshazungushwa limepata moto, linawaka kwa kuguswa tu. Na mwanamume aliyetoka msikitini na kanzu yake, mbele ya wenzake aliosali nao, atalalaje kwenye vumbi la Ujiji? Ataona haya. Atazunguka gari, atapiga teke tairi, atasema mashallah. Yule mtu aliitega adabu yenu, Baba. Aliifanyia biashara.

Mambo yalianza kujitokeza moja moja, nawe ukayapokea bila kinyongo. Kwanza ikaanza kula oili, na asubuhi ikiwashwa moshi wa bluu unaingia mpaka jikoni. Walikuwa wameijaza oili nzito ili pistoni zilizochoka zisionekane. Kisha ikachemsha kwenye mlima wa Kalinzi, gasketi ikaungua. Kisha gia namba tatu ikawa inaruka, ukaifunga kwa mpira wa tyubu na mimi nikawa naishikilia kwa goti njia nzima, tunacheka kama wendawazimu. Springi za nyuma zikalala upande. Bushi za usukani zikafa. Ulibadilisha kimoja baada ya kingine na kusema, "Limezunguka sana hili, lazima liwe na maneno." Raba ya klachi ilikuwa imelika mpaka chuma, na mita inasoma kama gari la bibi harusi. Tuliliona hilo wote wawili na tukanyamaza, kwa kuwa gari lilishakuwa letu. Chasisi tu ndiyo hukuigusa. Ilikuwa na rangi nyeusi mpya, inang'aa. Ulisema angalau hapo palitunzwa.

Hapo ndipo kifo chako kilipokuwa kimekaa.

Waliokupakilia Kalinzi wanasema mzigo haukufika hata ukingo wa bodi. Ndizi na maharage kidogo. Kwenye mteremko, kabla hujafika Mwandiga, chasisi ikakatika nyuma ya kichwa cha gari na bomba la breki likakatika nayo. Nimeambiwa hukuteseka. Nadhani kila aliyefiwa huambiwa hivyo.

Mahadhi alikuja msibani. Akaketi mkekani na wanaume, akala wali wetu, akanawa, kisha akasema, nami niko nyuma ya pazia na sinia mkononi, nikamsikia vizuri: "Gari nilimpa zima. Tamaa ya mzigo ndiyo iliyomuua." Wakaitikia kwa vichwa. Kufika wiki iliyofuata maneno yale yalikuwa yameshashuka mpaka Katonga, wachuuzi wa dagaa wanaambiana kwamba fundi aliponzwa na tamaa. Wewe, uliyekuwa unamshusha mtu gunia lake moja na kumwambia asubiri safari ya pili! Kufa, Baba, nilikubali, hilo ni la Mungu. Jina lako kuzikwa mara ya pili sikukubali.

Pikapu ilipoburutwa nyumbani nikachukua mkeka wako, nikaingia. Nikagonga. Mbele ikalia. Nikasogea, ikalia. Nilipofika pale ilipokatikia, ikanyamaza. Nikakwangua rangi kwa bisibisi. Chini ya rangi kuna fila ya kuzibia mashimo, chini ya fila kuna bati lililochomelewa, na chini ya bati ufa wa zamani, kutu imeota ndani yake tabaka kwa tabaka. Chuma kikikatika leo kinang'aa. Ule ufa ulikuwa kahawia kama udongo. Kuna mtu aliuona, akaufunika, akaupaka rangi, kisha akavaa kanzu. Nililia humo ndani mpaka nikachoka, Mama akidhani natengeneza.

Nikamwendea kwa heshima zote, shikamoo juu. Akaniambia gari likishatoka getini kwake si lake tena. Akaongeza kwamba mtoto wa kike akishinda uvunguni huota maneno mengi.

Basi nikaanza Ijumaa zangu.

Kila Ijumaa navaa ovaroli lako, nimelikunja miguu, nachukua spana yako na mkeka, naenda kukaa kwa muuza kahawa mkabala na yadi. Mteja akija na kanzu yake, au na shati lake lililopigwa pasi, namwamkia na kumwambia mimi ni fundi, nitamwangalizia chini bure, asijichafue. Wa kwanza alikuwa muuguzi mmoja aliyehamishiwa huku kutoka Mbeya. Sikumsema mtu vibaya. Niliingia nikagonga palipo pazima, nikagonga palipozibwa, nikarudia, mpaka yeye mwenyewe akainama na kusikia. Akarudisha funguo mezani, akashukuru kwa kahawa, akaondoka.

Ikawa ndiyo hivyo. Mahadhi akatuma wanawe wanifukuze, lakini kufikia hapo wateja walikuwa wananipigia simu wenyewe tuongozane, na fundi wa mteja unamfukuzaje mbele ya watu? Magari yakaanza kukaa. Majani yakaota kuzunguka matairi. Nilifurahi, Baba, nisikudanganye, tena furaha mbaya. Nilikuwa napita pale hata siku sina shughuli upande ule, ili tu nione majani yamefika wapi.

Halafu akapata safari ya Hija.

Unajua desturi, anayekwenda Hija hupita akiomba radhi kwa watu. Amepita kwa majirani, amepita kwa wale aliokosana nao kwa mipaka ya kiwanja. Kwetu alikuja Ijumaa iliyopita, ametoka kuswali, na wazee wawili wa msikitini. Kanzu nyeupe, imenyooka. Akatamka yale maneno ya siku zote, kama niliwakosea kwa kujua au kwa kutojua. Mama akanitazama mimi. Nikasema radhi ipo, ila imewekwa nyuma ya nyumba.

Nikavua turubai. Mkeka nilikuwa nao mkononi na sikuutandika.

"Lala," nikamwambia. "Gonga, kisha utuambie unasikia nini."

Mzee mmoja akasema binti yangu, huyu ni mtu mzima. Nikamjibu kwamba na baba yangu alikuwa mtu mzima. Majirani walishajaa kwenye ua, mama lishe wa jirani ameacha maandazi yake mafutani. Mahadhi akavua kofia, akampa mzee aishike, akapiga magoti, akalala chali kwenye vumbi na kanzu yake, akaingia. Nikampitishia spana yako.

Akagonga mbele, ikalia. Akagonga nyuma ya kichwa cha gari, kwenye lile bati, ikanyamaza. Naye akanyamaza. Nilikuwa naona miguu yake tu, viatu vya ngozi, soksi nyeupe, vidole vinachezacheza ndani. Nikamuuliza amesikia nini.

"Ilikuwa imekatika."

Lini?

"Kabla sijamuuzia. Nilijua. Mzigo haukuhusika."

Nikamwambia aseme kwa sauti, walioko uani hawakusikia. Akasema tena. Baba, alisema tena, na sauti yake ilitoka chini ya gari lako ikawafikia wote, mpaka mama lishe akashika kichwa.

Mama akakaa kwenye kizingiti, akajifunika uso kwa khanga. "Mana yanje," akasema kwa Kiha chake, Mungu wangu, "Mana yanje." Kisha akamsamehe. Ndivyo alivyo, unamjua kuliko mimi. Mahadhi akatoka uvunguni taratibu, mgongo wote kutu na oili iliyovuja, akasimama mbele yangu na macho mekundu. Akaniuliza, na wewe je, mwanangu?

Nikamwambia akabadilishe kanzu, atachelewa safari.

Ameshaondoka. Sijamsamehe. Wazee wameniita, Mama ameniombea, shangazi amepiga simu kutoka Kasulu. Wote wana maneno mazuri na wote wamelala usingizi tangu ufe. Mimi bado nikifumba macho nausikia ule ukimya wa chuma. Huko alikokwenda ataeleza mwenyewe kwa Anayejua. Labda akirudi moyo wangu utakuwa umelainika, labda hautakuwa. Simuahidi mtu.

Jana yule bibi wa dagaa, wa meza ya mwisho karibu na maji, aliyekuwa wa kwanza kusambaza habari ya tamaa, amenifungia dagaa wa bure na kusema, pole mwanangu, kumbe fundi aliuziwa chasisi mbovu. Nilipokea. Nilipofika hapa kibandani nikalia, nikapenga kamasi kwa kitambaa cha grisi, sasa nina pua nyeusi kama zamani.

Nakuaga, Baba. Pumzika. Ulichoniachia ni mkeka, spana na sikio, na nakuahidi hakuna mtu wa mwambao huu atakayeteremka Kalinzi juu ya chuma kilichonyamazishwa wakati mimi nina mgongo wa kulalia. Yadi sasa wanaiendesha wanawe. Nasikia wameacha mambo ya Ijumaa, wateja wanaambiwa waje Jumamosi.

Jumamosi pia nina nafasi.

Mwanao,
Zaituni