Timu ya Baba Mkwe Imeshashuka, Nami Nimeificha Kanuni

Shangazi mpendwa, kabla hujaendelea naomba ufunge mlango, na kama kuna mtu anayesoma juu ya bega lako mwambie akatafute kazi nyingine, kwa sababu haya ninayoyaandika hakuna anayeyajua isipokuwa mimi, mchumba wangu na fundi mita mmoja asiyenitakia mema. Nakusihi kila neno libaki kati yetu. Ukiona ni lazima kuchapa, futa mji, futa ofisi, na ukiweza nifute hata mimi.

Mimi ni karani wa masjala katika ofisi ya maji, nina miaka ishirini na sita, nina shahada, na kazi yangu ni kupokea barua, kuigonga muhuri, kuiandika kwenye rejesta na kuipeleka inakotakiwa. Sijawahi kupoteza karatasi. Mkuu wangu wa masjala ndiye baba wa msichana ninayetaka kumuoa, na papo hapo ndiye mwenyekiti wa tawi la mashabiki wa Kongwe, timu ambayo bila shaka unaijua hata kama huna habari na mpira, maana hata marehemu bibi yangu, aliyekuwa haoni, alizijua rangi za jezi zake.

Tatizo lilianza mwezi uliopita, Kongwe ilipojikuta inagombea nafasi ya mwisho ya kubaki ligi kuu na Stendi, timu ya wapiga debe na wachuuzi wa stendi ya mabasi iliyopanda daraja msimu huu huu. Mkuu aliniita mezani kwake akaniuliza, kwa kuwa nimesoma, timu mbili zikilingana pointi kinaangaliwa nini, nami badala ya kusema sijui mzee, ngoja nikatafute, kama ninavyosema kwa barua ya mteja yeyote, nikajibu palepale kwamba wanaangalia tofauti ya magoli, kwa kuwa ndivyo nilivyozoea kuona kwenye televisheni na kwa kuwa alikuwa akinitazama. Akafurahi mno, maana kwa magoli tunawazidi Stendi mbali sana. Akaniagiza nichape msimamo wa ligi kwa herufi kubwa, chini yake niandike kanuni hiyo, niubandike kwenye ubao wa matangazo, na nitie saini yangu, wasije watu wakasema tumejitungia.

Tangu siku hiyo karatasi ile imekuwa kama dawa. Watu wanaacha kazi ghorofa ya juu, wanashuka kuisoma, wanapanda wakiwa na nafuu. Redio nazo nyingine zinasema hivi na nyingine vile, na mkuu ameizima ya ofisini akisema watangazaji wana chuki na timu yetu. Neno kushuka limepigwa marufuku, tunasema "lile jambo". Dereva wa ofisi ndiye pekee anayethubutu kuliwaza kwa sauti. Anasema lile jambo likitokea wachezaji wetu wazuri wataondoka wote wawili, mdhamini atang'oa mabango yake, hakuna atakayetutangaza, na tutacheza kwenye viwanja ambavyo mpira ukitoka nje mnasimama kumsubiri mwenye shamba aurudishe. Mkuu humsikiliza mpaka mwisho, kisha humjibu kwa upole.

"Kijana wangu, Kongwe haishuki. Ikitokea imetoka ligi kuu, ujue ligi ndiyo iliyoshuka. Sisi tutakuwa tumehama tu."

Na wote tunaitikia, na mimi naitikia.

Sasa huyo fundi mita ni shabiki wa Stendi, na kila asubuhi hupitia dirishani kwetu kuchukua orodha ya nyumba za kukagua. "Shikamoo mzee," anasema, na shikamoo yake ina kicheko ndani. "Aliye juu mngoje chini. Sisi mkeka tumeshatandika."

"Marahaba," anajibu mkuu bila kuinua kichwa. "Kasome mita."

Jumamosi iliyopita Kongwe ilitoka sare na Stendi nayo ikatoka sare, kwa hiyo sisi tuna pointi thelathini na moja, wao thelathini na nne, na mechi imebaki moja. Kwa karatasi yangu bado tupo, kwani tukishinda na wao wakifungwa tutalingana na magoli yatatuokoa, ndiyo maana tulibebana mabegani kama tuliochukua kombe. Lakini jana Jumatatu fundi mita hakusimama dirishani. Aliingia ndani, akaweka juu ya kaunta yangu kijitabu cha kanuni za ligi pamoja na barua ya kukiambatisha, iliyoandikwa kwa taratibu zote, na kumbukumbu namba, kwenda kwa mkuu wa masjala. Shangazi, mkono wangu umezoea. Karatasi ikifika kwenye kaunta nagonga muhuri. Nikagonga IMEPOKELEWA, nikaandika tarehe, nikagonga na nakala yake, akaikunja akaitia mfukoni, ndipo nikasoma mahali alipokuwa amepiga mstari: timu zikilingana pointi kitaangaliwa kwanza matokeo ya mechi zao zilipokutana zenyewe kwa zenyewe. Stendi ilitufunga kwao, na ikatufunga kwetu. Kumbe tulipokuwa tumebebana mabegani tulikuwa tumeshashuka.

Fundi mita akainama akaniambia polepole, "Sina haraka, msomi. Nitasubiri Jumamosi jioni, watu wakiwa wengi."

Hapa ndipo ninapoona aibu hata kuandika. Kijitabu kile na barua yake sikuviingiza kwenye rejesta. Nilivichomeka ndani ya jalada la mabomba ya zamani lililofungwa kabla sijazaliwa, nikalirudisha rafu ya juu kabisa, nikaenda kunawa mikono.

Wazee wangu wamealikwa nyumbani kwa mkuu Jumapili, siku moja baada ya mechi, kuzungumza habari za ndoa. Mkuu ametangaza mbele ya ofisi nzima kwamba tukibaki atawapokea kwa furaha mbili, ila lile jambo likitokea hakuna mgeni atakayekanyaga sebule yake mwaka huu, na atakayekuwa ametuletea uchuro asimsalimie tena. Nikisema sasa, mimi ndiye uchuro, na ataniuliza kijitabu kilikuwa wapi tangu jana. Nikinyamaza, Jumamosi basi zima la watu litaondoka na ngoma kwenda kuishangilia maiti, na jioni fundi mita atatoa nakala yenye muhuri wangu.

Nilimweleza mchumba wangu nikitarajia anipe pole. Yeye mpira hautazami kabisa. Aliniuliza swali moja tu: "Kama unamwogopa baba kwa ajili ya watu kumi na mmoja wasiokujua hata jina, siku mwanetu akionewa shuleni utakwenda kusema nini?" Kisha akasema nisipomwambia baba yake kabla ya mechi, yeye mwenyewe atawaambia wazee wangu wasijisumbue kuja.

Nimefikiria kuugua Jumamosi. Nimefikiria kuichana ile karatasi nisingizie upepo. Nimefikia hata kuomba Stendi ikutwe na mchezaji asiye na leseni, ikatiwe rufaa, inyang'anywe pointi. Nifanyeje, Shangazi?

Ukitaka kunijibu usipige simu ya ofisi, kwani anayeipokea ni mkuu. Usitume bahasha yenye nembo ya gazeti, maana ninayezipokea ni mimi lakini anayezifungua ni yeye. Piga kwa fundi viatu aliye mkabala na lango letu, namba yake nimeiandika nyuma ya karatasi hii, kati ya saa saba na saa saba na nusu mchana, useme unaulizia viatu vyeusi vilivyowekwa soli mpya. Ataniita.

Karani mwenye hofu

SHANGAZI ANAJIBU

Mwanangu, mlango niliufunga, kisha nikaufungua, kwa sababu humu ndani kuna joto na kwa sababu anayepeleka siri yake gazetini ni sawa na anayepanda jukwaani akaomba asitazamwe. Mji nimeufuta. Majina hukuyaandika. Wewe mwenyewe nimeshindwa kukufuta, ingawa naona umejitahidi sana kunisaidia.

Kwanza tua mzigo usio wako. Kongwe haikushushwa na kanuni, wala na karani. Imeshushwa na washambuliaji waliosahau nyavu zilipo, na viongozi ambao kila wakifungwa wanabadilisha kocha na rangi ya soksi. Ungeisoma kanuni siku ile ile uliyoulizwa, mngefungwa vilevile, ila mngefungwa mkijua. Na hilo mnaloliita lile jambo halijaua mtu. Mtasafiri mbali zaidi, mtakaa juani, mtacheza na timu ambazo mlikuwa hamzijui jina, na huko mtapokewa vizuri, maana mgeni njoo, mwenyeji apone. Stendi ilitoka hukohuko na wala haikufa.

Sasa mzigo wako. Kujifanya unajua usichokijua ni ugonjwa wa kawaida wa wenye vyeti, nakusamehe. Lakini kuificha karatasi iliyopokelewa? Wewe, ambaye katika sentensi ya tano ya barua yako unajisifu hujawahi kupoteza hata moja? Hiyo si hofu tena, mwanangu. Hapo kipa ameuchukua mpira kwa mikono yake akautia golini kwake, kisha akaenda kunawa.

Tena nikwambie jambo ambalo shahada yako imekuficha. Mkuu wa masjala, mtu ambaye maisha yake yote ni karatasi na saini, anatoa tangazo la jambo analolipenda kuliko yote, halafu anakwambia utie saini wewe. Huoni? Redio aliizima baada ya kuisikia. Fundi mita anaimba dirishani kila asubuhi na mzee si kiziwi. Anajua, au anashuku kiasi cha kutotaka kuuliza. Ubao wako ni mahali pekee mjini ambapo timu yake bado inapumua, na wewe ndiye uliyewekwa kuushikilia ili ukianguka uanguke nawe. Simlaumu sana. Mtu mzima kuona kitu alichokipenda tangu utoto kinazama mbele ya watoto wa jana si mchezo. Lakini hilo halimpi ruhusa ya kukufanya kisingizio, wala halikupi wewe ruhusa ya kukubali.

Kwa hiyo sikiliza. Leo Alhamisi, ukifika kazini, panda ngazi, shusha hilo jalada la mabomba. Kijitabu na barua viingize kwenye rejesta kwa tarehe ya Jumatatu, na pembeni andika kwa mkono wako kwamba vilicheleweshwa na karani. Usiandike kwa nini. Kisha ubandue ule msimamo mwenyewe, mchana kweupe, watu wakikuona, na upepo usiusingizie. Bisha hodi kwa mkuu, funga mlango, baki umesimama. Mwambie: mzee, mwezi uliopita nilikujibu kitu nisichokijua, Jumatatu nilificha karatasi yako, hii hapa, na Kongwe imeshuka. Litamke hilo neno. Halafu nyamaza. Usiseme kwa bahati mbaya, usimtaje binti yake, usimtaje fundi mita. Akifoka, afoke, wewe hukukosa penalti yoyote. Akikuandikia onyo, lipokee, ligonge muhuri, liweke kwenye jalada lako. Unalistahili.

Fundi mita usimbembeleze. Ukishasema wewe, alichonacho mfukoni ni karatasi tu.

Jumamosi panda lile basi. Usiugue. Kaa kiti cha karibu na mkuu, na ngoma ikipigwa, piga makofi. Watu huenda mazikoni wakijua kabisa marehemu hatafufuka, na bado huonekana nani alikuja na nani hakuja.

Na huyo binti, mwambie leo jioni yaliyotokea, kama yalivyotokea, bila kujipamba na bila kudai zawadi. Katika barua yako yote ndiye mtu pekee aliyeuliza jambo la maana. Wazee wako wasiahirishe safari. Wavae vizuri, wafike kwa saa waliyoambiwa, wabishe hodi kama watu walioalikwa, kwa sababu wamealikwa. Mwenye nyumba aliyeambiwa ukweli Alhamisi ana siku tatu za kununa, na siku tatu zinatosha mtu mwenye akili. Ukimwambia Jumamosi jioni, au akiambiwa na mwingine, hazitatosha hata mwaka.

Viatu vyako sitaviulizia. Mkuu akitaka kujua ni nani aliyekutia kiburi, mwelekeze kwangu: jengo la gazeti, ghorofa ya pili, chumba cha mwisho kushoto ukishaipita mashine ya kunakili, asibishe hodi, asukume tu, mlango unakwama. Aje Jumatatu. Jumapili atakuwa na wageni.