Msile Senene wa Kibanjani

Mama yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa magoti yote mawili. Ule mguu uliovimba msimu wa kahawa umepona? Mimi mwili mzima, ila moyo umeshuka tumboni. Mwanao niliyelala Nairobi, niliyekula kwa uma Moshi, darasa la nne lakini nashika pampu ya dawa ambayo wa darasa la nane wanaikimbia, leo naogopa. Mwalimu anayekusomea asimame hapa kwanza. Mwambie mdogo wangu Katabaro atoe lile kopo nililompa dereva alipeleke huko nyumbani Izigo, la unga mweupe wa kuua wadudu wa migomba. Alizike mbali na kisima. Kama ameshanyunyiza, mwalimu aendelee upesi.

Unga ule niliuchota kwenye dawa ya panzi ya shamba hili la ngano. Nilitaka majirani waseme mtoto wako anatuma vitu vya kitaalamu.

Sasa sikia. Kwenye mikalitusi ya shamba wanalala vipanga wadogo, mamia. Huja miezi hii wakikimbia baridi ya Urusi, maana kule theluji hufunika chakula chao. Huku wanashinda nyuma ya trekta wakila panzi. Juzi asubuhi nikawakuta chini ya miti wametapakaa, wafu, mmoja ana pete ya bati mguuni. Yupo bwana wa wanyamapori, Mpare mpole, anayewahesabu. Alikuwa anawaokota huku machozi yanamtoka.

"Umewapa nini hawa, Mhaya?"

"Chakula cha mchana, bwana mkubwa. Hawajashukuru tu."

Hakucheka. Akampasua mmoja: panzi watupu, weupe kwa unga wangu.

"Lakini mimi sikunyunyizia ndege," nikasema.

"Umenyunyizia chakula chao. Panzi hafi papo hapo, anaruka na sumu yake. Na vipanga hawa nimewaona mpaka kwenu Muleba, wakifuata senene, wale panzi wenu wa kukaanga."

Aliposema senene, nikakaa chini palepale, suruali yangu ya tetroni na yote.

Mama, huu ni mwaka wa kwanza wa Koku kumkamatia Katabaro senene tangu waoane. Namjua, ataamka alfajiri aokote kila senene aliyetua kibanjani, kwenye migomba yetu, ajaze kapu, mumewe amnunulie gauni. Watakaokula ni Katabaro na Baba. Nyinyi wanawake mila imewakataza, kwa hiyo mtabaki wazima wa kuwazika. Nimeiandika hiyo kama mzaha, kisha nikataka kuifuta.

Basi Koku aende rweya, kule kwenye nyasi tupu ambako hakuna mgomba hata mmoja. Na kila asubuhi mtazame chini ya miti. Mkiona kipanga mmoja tu ameanguka, mwageni senene wote, hata waliokwisha kukaangwa, na gauni apewe hivyohivyo na kapu lake tupu.

Mkuu wa shamba nimemwambia pampu sishiki tena mpaka vipanga warudi kwao. Amenipeleka kwenye magunia. Nabeba, huku nawahesabu vipanga waliobaki juu ya miti.

Nisalimie Baba, shangazi yangu mwenye maneno, na ndugu balozi wetu wa nyumba kumi. Katabaro asinijibu kwa barua. Apande basi mpaka posta ya Bukoba, apige telegramu yeye mwenyewe, leo hiihii. Ikitoka kwa mtu mwingine, sitaifungua.

Mwanao anayewaogopea,
Mwombeki