Ile Moja ya 30031

Tata,

Namba yako ya kazi, baba yangu, imepata mtu mwingine. Nimemwona jana njia ya Musonoi, kijana mrefu, kibati cha kampuni kinang'aa kifuani: 30031. Nilitaka kumrukia nikivue. Nikamwamkia tu, nikapita.

Unakumbuka barazani kwetu Dilala? Ulikuwa ukirudi mgodini, kabla hata ya kunawa, unanipa chaki. "Balinipatia namba, tuone ni namba ya aina gani." Masista wa shule walikuwa wamenifundisha kwamba ziko namba zinazogawanyika, na ziko zinazokataa katakata, hazikubali ila moja na zenyewe. Tukaijaribu yako sakafuni. Tukaigawa kwa mbili, ikabaki moja. Kwa tatu, moja. Tano, saba, kumi na moja, kumi na tatu, kila mara moja. Mdogo wangu Ilunga akapiga makofi, naye alikuwa bado mtoto hajui anashangilia nini. Ukasema, "Inatosha! Hii inakatala. Na ile moja yenye kubakia, njo mi." Yaani ndiyo wewe. Tukaachia hapo, tukaenda kula.

Tangu hapo, Mama akikasirika na kutishia kurudi kwao, ulimwambia, "Siye ni batu ba 30031, hatugawanyike." Naye anacheka, hasira zimekwisha.

Tata, tumegawanywa. Ndugu zako walifika kutoka Kasai kumaliza matanga, kama desturi inavyotaka. Wakachukua baiskeli, cherehani na koti lako la kanisani. Halafu wakaja kwetu watoto. Ilunga ni wa baba mkubwa, wanapanda garimoshi kesho. Mimi naenda kwa shangazi, Jadotville. Mama anarudi kwao mikono mitupu, maana nyumba ni ya kampuni na inamngoja mfanyakazi mwingine. Nilipobisha niliambiwa mtoto wa kike anyamaze.

Nikatafuta chaki. Nilitaka kitu chako kimoja tu ambacho hakuna wa kukigawa. Nikaanzia pale tulipoachia. Kwa kumi na saba, ikabaki tisa. Nikaendelea kwa ukaidi, na ile moja haikurudi tena. Nikafika hamsini na tisa. Hamsini na tisa mara mia tano na tisa, Tata. Haikubaki kitu. Nilirudia hesabu mpaka chaki ikaisha, nikalia kuliko siku tuliyokuzika. Ilikuwa inagawanyika siku zote, hata ulipokuwa ukicheka pale barazani.

Leo asubuhi Ilunga, akifungiwa nguo zake, ameniuliza mimi dada yake, "Yaya, namba ya Tata inakatala bado?" Nimemjibu inakataa.

Pumzika sasa, Tata. Sina cha kukupa ila ahadi hii: sitamwambia. Anajua kugawanya mpaka kumi na tatu tu. Huko Kasai akikukumbuka, akichukua chaki, acha ibaki moja.

Mwanao,
Mbuyi