Foleni ya Saa Mbili

Makambako,
17 Novemba 1947

Dada yangu mpendwa Hulda,

Kamwene. Nakusalimu wewe, shemeji Kefa, Ema, na huyo Mikaeli ambaye nasikia sasa anatembea na kumwaga kila kitu kilichowekwa chini ya urefu wa goti. Kikohozi cha shemeji kimepoa? Mahindi ya kwanza yameota? Mimi ni mzima. Mvua imeanza huku, bati la chumba changu linavuja mahali pawili, na nimehamisha kitanda mara mbili.

Barua yako niliipokea Jumanne kwa mkono wa Hilari, dereva wa lori. Nimefurahi kwamba harusi ya Ema na Manase imepangwa upya, na kwamba unataka mimi niandike barua za mwaliko kwa sababu, kama ulivyosema, mkono wangu haukosei. Hilo nitalijibu, lakini si hapa mwanzoni. Kwanza habari.

Unauliza kama huku Makambako vitu vinapatikana kuliko Njombe. Havipatikani, dada. Vita vimekwisha miaka miwili sasa, lakini madukani bado tunaishi kama vinaendelea. Mafuta ya taa yanatoa moshi kuliko mwanga. Nikiandika jioni, asubuhi natema masizi. Kibiriti nilichonunua juzi kilikuwa na njiti thelathini na nane. Kumi na moja hazikuwa na kichwa, na sita zilikatika kabla ya kuwaka. Nilizihesabu kwa sababu nilitaka kuandika gazetini, na gazeti linapenda hesabu. Sukari ndiyo inayonichosha zaidi. Mwenye duka hapa njia panda hakuuzii sukari peke yake, lazima uchukue na pakiti ya wembe. Nilimwambia mimi nafuga ndevu. Akajibu kwamba sukari yake haifugi ndevu, nichague. Sasa nina pakiti nne za wembe, na ukimwona mtu yeyote hapo kijijini Yakobi anayenyoa, nitamtumia.

Habari za mbali ni hizi. Karanga za Serikali huko Kongwa bado zinatajwa kila juma. Wameleta mashine nyingi, na wanasema mvua ilipokatika udongo ukawa mgumu kama sakafu. Mimi sikwenda kuona, kwa hiyo siandiki zaidi ya hapo. Ila ningekuwa mkubwa wa kazi ile ningeanza kwa kukaa siku mbili na mwanamke mmoja wa Kigogo mwenye jembe, nimuulize. Na gazeti la Jumamosi linasema kwamba hata binti wa Mfalme, anayeolewa Alhamisi hii, amepata kitambaa cha gauni lake kwa vyeti vya mgawo, kama sisi. Mwambie Ema. Sijui kama naye alisimama foleni. Nadhani hapana.

Sasa nimefika kwenye foleni, na ndipo nilipotaka kufika.

Unaikumbuka Jumamosi ile ya mwezi wa saba kuliko mimi. Ulitoka Yakobi giza halijaisha, umande umeganda mweupe kwenye majani, Mikaeli mgongoni, ili uwe Njombe, mlangoni pa duka la vitambaa la Bwana Yadi, saa mbili asubuhi, kama tangazo la bomani lilivyosema. Mlango ulikuwa umefungwa. Mlisubiri hadi saa tatu, saa nne, saa tano. Saa sita mtoto akawa anatetemeka na midomo imebadilika rangi, ukaondoka. Bwana Yadi akafungua saa nane, waliokaa karibu wakarudi wakapata, na kitambaa cheupe cha gauni la Ema kikaisha, harusi ikaahirishwa. Uliniandikia wakati ule kwamba unamwombea Bwana Yadi naye afungiwe nje ya mlango wa Mbinguni, muda uleule, na baridi ileile. Nilicheka, kisha nikaandika habari gazetini: mwenye duka mmoja wa Njombe awaacha wanawake kwenye baridi muda wa saa sita. Ilichapishwa. Watu wakaanza kumwita Bwana Saa Nane, na bomani wakamwita kumuuliza kama bado anafaa kupewa vitambaa vya kugawa.

Mwezi uliopita nilipita Njombe, nikaingia dukani kwake. Nisikufiche, nilikuwa natafuta la pili la kuandika. Hakunifukuza. Alinipa kiti, akaniambia kwamba amesikia mimi nasoma Kiingereza vizuri, basi nimsaidie. Akatoa karatasi aliyoletewa na boma mwezi wa saba, iliyopigwa kwa mashine. Nikamsomea: Jumamosi, saa 2 alasiri, kwa hesabu ya Kiingereza. Akauliza hiyo kwa Kiswahili ni saa ngapi. Nikasema saa nane. Akashukuru. Kisha akafungua droo, akatoa tangazo la Kiswahili lililokuwa limebandikwa sokoni na kwenye milango ya makanisa, akaniomba nimsomee na hilo. Liliandikwa saa 2 asubuhi. Akaniuliza kwa upole kama naufahamu mwandiko.

Ulikuwa wangu, Hulda. Karani wa bomani alikuwa ameniomba nimtafsirie, kwa kuwa mimi ni mtu wa magazeti na sikosei. Niliona 2, nikaandika 2, na neno asubuhi nikaliongeza kwa kichwa changu mwenyewe, kwa sababu kwetu saa mbili ambayo watu huenda dukani ni ya asubuhi. Sikuwa mgonjwa wala sikuwa na haraka. Nina miaka kumi na tisa katika kazi hii, na nilikosea saa, kitu ambacho mtoto wa darasa la tatu hufundishwa: ukisoma ya Kiingereza, ongeza sita.

Hilo ni kosa, na ningeweza kulisema siku ileile. Linalonifanya nione haya ni linalofuata. Juma moja baadaye nilikwenda Mahongole kwa wakwe zako watarajiwa. Shangazi yake Manase, Jeni, alinikaribisha viazi pamoja na wageni wengine, na maneno yakafika kwenye harusi iliyoahirishwa. Akasema mbele ya watu kwamba wenzake waliosubiri walipata, ila mama mkwe wa kule Yakobi alipenda moto wa jikoni kwake kuliko arusi ya binti yake. Akauliza kama na Ema naye atakuwa hivyo, wa kuacha sufuria ikiwa bado haijachemka. Watu wakacheka. Nilikuwa najua tayari kosa ni la nani. Nikaomba chumvi.

Nimekula chumvi ile siku kumi na mbili. Alhamisi nilirudi Mahongole, nikamweleza Jeni mbele ya walewale, na tangazo langu mkononi. Akauliza ulisimama muda gani na mtoto mgongoni. Nikamwambia muda wa saa nne. Akasema yeye angeondoka saa ya pili, tena na mlango wa duka angeubeba. Halafu akaniuliza kama nataka chumvi. Kwa gazeti nimepeleka masahihisho, na safari hii nimeweka jina langu lote. Bomani nilikwenda mwenyewe. Bwana Yadi anaendelea kugawa vitambaa.

Juzi Jumamosi kulikuwa na mgawo mwingine wa vitambaa Njombe. Tangazo hili liliandikwa na karani mwenyewe, na lilisema saa nane mchana. Nilifika mlangoni kwa Bwana Yadi saa mbili asubuhi. Wanawake walioanza kuja baadaye walishangaa, na Paskalina wa misheni, aliyekuwa nyuma yako ile Julai, akaniuliza kama nimepotea njia ya bomani. Nikawaeleza. Paskalina akasema vizuri, basi kaka mwandishi aende mwisho wa mstari, asimame na sisi tumwone. Nikaenda mwisho. Kila aliyefika alielezwa upya kwa nini niko pale, na kila mmoja aliuliza saa ngapi ili nimjibu. Mvua ilinyesha saa nne hadi karibu saa sita. Miguu ilianza kuuma saa tano. Sikuwa na mtoto mgongoni.

Kwa cheti changu nilipata kipande cha mwisho, yadi tano. Bwana Yadi alipima, akaongeza upana wa kiganja, akasema hicho ni cha makosa yajayo. Hilari anakuletea pamoja na barua hii. Kwenye pindo moja kuna doa la kutu, kubwa kama punje ya mahindi. Nimelizungushia uzi mwekundu ili fundi alikwepe. Sehemu nyingine haina kasoro, nimekikagua chote.

Sikuombi uniambie kwamba si kitu. Uliganda kwa sababu ya mkono wangu, na ukatukanwa nami nikiwa nimekaa pale. Barua za mwaliko sijaandika hata moja. Karatasi ziko mezani, na zitabaki mezani mpaka uniambie kama bado unataka mkono huu, au umpe mwalimu wa shule ya Yakobi, ambaye ana mwandiko mzuri na saa ya mkononi.

Msalimie shemeji Kefa na umsomee barua hii yote, usiruke. Mpe Ema kitambaa kabla hujampa maneno yangu. Mikaeli umshike kwa niaba yangu, ukiweza kumkamata. Wote wa nyumbani nawakumbuka kwa majina.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Anania

Ukiniruhusu, nitaandika hivi: Jumamosi, tarehe kumi Januari, saa nne asubuhi, jua likiwa limekwishapanda. Yote kwa maneno. Tarakimu sitaweka.