Aisii Niliyoichomeka kwenye Boksi la Pampu

Temeke, Dar es Salaam

Dada Mama Saidi, shikamoo.

Nimemkosea mwanao. Nasema hilo kwanza, maana nikianza na salamu nitazunguka mpaka karatasi iishe. Lakini hujambo? Na mguu wa mama? Mimi mzima, ila barua yako imeninyima raha.

Umeandika kamati ya maji ilimfukuza Saidi kazi ya kulinda pampu eti alilala, pampu ikazunguka kavu mpaka mota ikaungua. Dada, Saidi hakulala.

Nilipokuja likizo nilitengeneza lile boksi linalozima pampu maji ya kisima yakipungua. Iliyokufa ndani ni aisii 741, kile kidude cheusi chenye miguu ya kuchomeka. Tangu mali za nje ziruhusiwe, aisii hizo zimejaa Kariakoo, nami nilikuja bila hata moja. Nilishajisifu kwamba jua halizami sijamaliza, basi nikachomoa nyingine, 709, kwenye mtambo mbovu nikaiweka. Saidi akaona.

"Mjomba, mbona namba si ile?"

"Ile miguu minane, hii minane. Wewe fundi wa lini?"

Watu wakamcheka.

Kwa nje zinafanana, ndani sivyo. 741 ilikuja baadaye, ina kapasita ndani ya kuituliza na transista za kuilinda ikizidiwa. 709 haina, vya kuituliza unaviweka mwenyewe kwa nje. Tena umeme ukizidi kwenye mguu wa kupokea, inaganda. Inasema maji yapo, na hayapo. Ukizima na kuwasha inapona, kama haikuwa na kitu. Ndiyo maana walipolijaribu boksi walilikuta zima, wakamgeukia mtoto. Nilijua hayo yote wakati naichomeka.

Sasa unasema mota mpya imefungwa, boksi lile lile, Saidi amerudishwa kwa kuombewa, na safari hii ikiungua wanampeleka polisi. Inaweza kuganda leo. Labda imeshaganda unaposoma hapa. Mwambie asiliamini. Asikilize pampu, ikibadili mlio tu, avute swichi kubwa. Asiondoke pale, chakula apelekewe.

Barua anakuja nayo dereva wa lori, mwenyewe nimekosa nafasi ndani ya lori. Msalimie mama, shemeji Baba Saidi, na mdogo wetu wa Chiungutwa. Saidi nitamwangukia mwenyewe.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu kamati inakaa. Nitakuwepo saa tatu asubuhi. Nitaichomoa ile 709 mbele yao, nitaweka 741, na nitawaambia nani aliyeunguza mota.

Ndugu yako,
Athumani